Kufuga tausi: anza kwa kumtafuta jike

Naitwa Tausi. Jina nimerithi kwa bibi mzaa baba, na kwa miaka mingi nililijua kama watu wote wanavyolijua: ndege mzuri mwenye mkia. Nilishona nguo Tanga mjini miaka 27, kisha nikarudi Muheza kwenye shamba la machungwa aliloliacha baba, na huko ndiko nilikoanza kufuga ndege wa jina langu. Huu ni mwaka wangu wa 11. Nina madume 3 na majike 9, na vifaranga ambao hesabu yao hubadilika kila msimu. Watu hunipigia simu kuuliza nafanyaje, na kila nikieleza nasahau jambo. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Naanza na kosa langu, kwa sababu naliona likirudiwa na kila anayeanza.

Nilinunua ndege wawili wa miezi mitatu kwa mtu aliyewaleta kwenye tenga. Akaniambia huyu mkubwa dume, huyu mdogo jike. Nikamwamini, maana kichwani nilikuwa na jambo moja tu: tausi ni yule mwenye mkia, asiye nao ni mkewe. Kwa umri ule hakuna hata mmoja aliye na mkia. Nikajenga banda, nikatandika majani makavu kwenye kiota, nikasubiri mayai. Mwaka ukapita. Wa pili ulipoingia wakaanza kupigana, asubuhi na jioni, mpaka mmoja akatobolewa paja.

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiniuzia vitambaa mjini alikuja shambani kununua machungwa. Wazazi wake walifuga tausi uani, nikampeleka bandani atazame. Akasimama mlangoni kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa wote mor. Dhel yuko wapi?"

"Dhel ndiye nani, mzee?"

"Mke wake. Kwetu mume ni mor, mke ni dhel. Nyinyi mnasema tausi, tausi tu. Mtu akikuuzia, utajuaje kakuuzia nini?"

Nilikuwa nimefuga madume wawili kwa karibu miaka miwili, nikiwawekea kiota.

Tangu siku ile nikaanza kuliuliza jina langu. Kwa Kiswahili tumelipata kutoka kwa Waarabu wanaosema tawus, tukaliongezea i mwishoni kama tulivyofanya qirtas ikawa karatasi. Waajemi nao husema karibu hivyo hivyo, na Wagiriki wa kale waliandika taos. Nyuma ya hao wote wanaisimu wengi hutazama India ya kusini, kwenye neno la Kitamil tokai, na maana ya tokai ni ule mkia wa manyoya marefu. Yaani neno lilipanda chombo pamoja na manyoya, likashuka bandari baada ya bandari, na waliolipokea wakamwita ndege mzima kwa jina la mkia wake. Msomaji wa Biblia anaweza kufungua 1 Wafalme 10:22, pale merikebu za Sulemani zinapoleta dhahabu, na fedha, na pembe, na nyani, na tausi. Neno la Kiebrania linalosomwa pale kuwa tausi ni tukiyim, na wengi wanalihusisha na tokai hiyo hiyo, ingawa wafasiri wengine wa siku hizi huandika aina nyingine ya nyani.

Basi ukiliangalia vizuri, jike hayumo ndani ya jina. Hana mkia ule. Na ndiye anayetaga, anayeatamia, anayelea, na ndiye wauzaji hawapendi kumwachia. Sisi husema tausi jike, na lugha inatosha, lakini shambani kwangu tumelichukua neno la yule mzee. Vijana wangu husema "dheli amepanda kiota", na hakuna anayechanganya.

Sasa tuingie kazini.

Kabla ya kununua

Nenda kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, uulize kibali na masharti yake. Usinunue tausi asiye na karatasi, hata akiwa bei ya kutupa. Huku kwetu watu wengi wakisikia tausi hukumbuka bustani ya Ikulu, na Mei 2020, pale Ikulu ya Chamwino, Dodoma, Rais John Magufuli alipowagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere tausi wa kufuga, simu za kuniuliza bei hazikukoma. Wengi wa waliopiga walikuwa tayari kununua popote, kwa yeyote. Niliwaambia wote neno hili hili: karatasi kwanza, ndege baadaye.

Ndege tunayemfuga ni wa asili ya India na Sri Lanka, yule wa shingo ya buluu. India walimfanya ndege wa taifa mwaka 1963. Yupo na mwingine wa kijani wa Burma mpaka Java, mrefu zaidi na mkali zaidi, usianze naye. Weupe unaowaona kwenye picha ni wale wale wa India waliozaliwa bila rangi. Si aina nyingine, na bei yao isikutishe wala kukushawishi.

Nunua ndege wa mwaka mmoja au zaidi. Kifaranga ni rahisi, lakini unanunua kitendawili. Kwa mwaka mmoja dume amekwisha kugeuka buluu shingoni, na jike ana shingo ya kijani inayong'aa kidogo juu ya mwili wa kahawia na tumbo jeupejeupe. Kishungi cha kichwani wote wanacho, kwa hiyo kisikudanganye. Ukilazimika kununua wadogo, mfunue bawa: manyoya makubwa ya ubavuni mwa bawa la dume huwa na rangi ya kutu, kama mdalasini, tangu angali mdogo, na ya jike ni ya kahawia iliyofifia. Tazama na miguu. Ya dume ni mirefu na minene kwa rika lake. Mshike kifuani, mfupa wa kidari ukikata kama kisu, ndege huyo ana njaa au ana minyoo. Puani pawe pakavu, macho yawe wazi, na upande wa nyuma pasiwe na kinyesi kilichogandamana.

Fedha ikitosha ndege watatu, chukua majike wawili na dume mmoja. Ikitosha watano, dume abaki mmoja. Dume mmoja anatosha majike wanne bila shida. Na dume asiwe ndugu wa majike: mnunue kwa mtu mwingine, hata kama ni mbali.

Banda

Watu hujenga banda la kuku kisha wakamwingiza tausi, na baada ya mwezi mkia umekatika kama ufagio uliochakaa. Dume mkubwa ana kilo nne mpaka sita, na manyoya yake ya nyuma hufika mita moja na nusu. Akitanua anahitaji nafasi ya kuzunguka bila kugusa wavu. Banda langu la kila familia lina upana wa mita 3, urefu wa mita 6, na kimo cha mita 2 na nusu. Chini ya hapo nakushauri usubiri mpaka upate mbao za kutosha.

Nusu ya juu nimeezeka kwa bati na makuti juu yake kupunguza joto, nusu nyingine ni wavu ili mvua na jua viingie. Chini ni mchanga, si sakafu. Tausi huoga vumbi kila siku, hivyo kwenye kona kavu nimechimba shimo nikajaza mchanga mwepesi uliochanganywa na majivu ya jikoni. Wavu uwe wa matundu madogo na uzikwe kama shubiri mbili ardhini, maana nguchiro na kicheche hawaruki, wanachimba. Nyoka naye huingia kwa mayai.

Ubao wa kulalia ndio wengi wanaupuuza. Tausi hawezi kulala chini na akatulia. Weka ubao wa upana wa kiganja, mita moja na nusu mpaka mbili kutoka chini, na uuache mbali na ukuta, mita moja na zaidi, ili mkia uning'inie bila kukwaruzwa. Mimi niliupachika karibu na ukuta mwaka wa kwanza, nikapoteza manyoya yote ya upande mmoja.

Ukitaka baadaye kuwaachia watembee shambani, wafungie ndani kwanza miezi miwili mpaka mitatu. Walishie hapo, wasikie sauti yako hapo, walale hapo. Kisha fungua jioni, saa moja kabla ya giza, jike mmoja tu. Wenzake wakibaki ndani yeye hatakwenda mbali. Kesho yake wawili. Anayemfungulia tausi mgeni asubuhi ya siku ya pili, amempoteza.

Na majirani je? Kaa nao kabla hujaleta ndege. Msimu wa kupandana ukifika, dume hupiga ukelele alfajiri na jioni, na usiku akishtuka, ukelele unaosikika vijiji viwili. Jirani yangu wa upande wa chini alidhani siku ya kwanza kuna mtu anaomba msaada, akaja mbio na panga. Nampelekea mayai ya kuku na machungwa kila msimu, na tunaelewana. Mwenye gari naye umwambie alifunike: dume akiiona sura yake kwenye mlango unaong'aa hupigana nayo mpaka rangi ichubuke.

Chakula

Hapa sitakaa sana, kwa sababu tausi hula karibu kila anachokula kuku, na zaidi. Wakubwa nawapa chakula cha kuku wa mayai asubuhi, na mchana mchicha, majani ya mpapai yaliyokatwakatwa, mabaki ya matunda. Jioni mtama na mahindi yaliyoparazwa, kidogo, ili warudi bandani. Msimu wa kutaga naongeza dagaa wa kusaga na maganda ya konokono ya pwani yaliyotwangwa. Mchwa wakitoka baada ya mvua, wenyewe wanajua. Wakizunguka shambani hula panzi, nge, na nyoka wadogo, na hiyo ni faida ambayo mtu wa shamba la machungwa haidharau. Maji safi, kila siku, kivulini. Chakula chenye chumvi usiwape.

Mayai na kuatamia

Jike huanza kutaga akiwa na miaka miwili. Dume huchelewa, mkia kamili huupata mwaka wa tatu, na huendelea kurefuka mpaka wa tano au wa sita. Basi ukinunua wote wa mwaka mmoja, jipe miaka miwili ya kungoja, na usimlaumu jike kwa mayai yasiyo na mbegu.

Kwangu madume huanza kucheza Septemba, na mayai huja na vuli. Mchezo wenyewe lazima uuone kwa karibu. Manyoya yanasimama, yanajipanga, kisha dume anayatetemesha kiasi cha mara 25 kwa sekunde, na utasikia sauti kama mvua ya mbali kwenye makuti. Yale macho ya manyoya yanaonekana yamesimama tuli huku vyote vinavyoyazunguka vinatikisika. Nimeshona satini, nimeshona hariri, sijaona kitambaa kinachofanya vile.

Jike akiwa tayari kutaga utamwona anatafuta pembe. Mwekee kreti iliyolazwa kwenye giza la banda, yenye mchanga chini na nyasi juu. Hutaga yai moja kila baada ya siku mbili, mara nyingi jioni, na yai lake lina kama gramu 100, karibu mara mbili ya la kuku. Mzao wa kawaida ni mayai manne mpaka sita, pengine manane. Ukiyaokota anarudia kutaga, na ndivyo wafugaji wa biashara wanavyopata mengi. Mimi naokota mzao wa kwanza tu, wa pili namwachia mwenyewe. Nimeona kwamba jike aliyelea hutulia zaidi mwaka unaofuata.

Mayai ya mzao wa kwanza nayatia kwenye mashine ya kutotoleshea. Joto nyuzi 37.5, unyevu kati ya asilimia 50 na 60. Geuza mara tano kwa siku, au tatu ukishindwa, ila hesabu isiwe shufwa, ili upande uliolala usiku mmoja usilale tena usiku wa pili. Siku ya 10 yamulike kwa tochi chumba kikiwa giza: yenye mishipa yaache, yaliyo angavu kama maji yatoe. Siku tatu za mwisho acha kugeuza na ongeza unyevu ufike asilimia 70. Huanguliwa siku ya 28, wengine 29 au 30. Usimsaidie kifaranga kutoka ganda kwa haraka. Niliwahi, nikaua wawili waliokuwa wangetoka wenyewe alasiri.

Umeme ukiwa wa kubahatisha, tumia kuku wa kienyeji mkubwa aliyekwisha kuatamia kabla. Mpe mayai manne au matano, si zaidi, na ujue kwamba yeye amezoea siku 21. Chagua yule mvumilivu asiyeinuka. Bata mzinga anafaa zaidi kwa hesabu, siku zake ni 28 sawasawa. Lakini wote wawili, kuku na bata mzinga, wape dawa ya minyoo wiki mbili kabla, kwa sababu nitakayoieleza.

Vifaranga

Kifaranga cha tausi hakijui kudonoa kama cha kuku. Kwa mama yake huchukua chakula mdomoni mwa mama: anaokota, anakishika kwenye ncha ya mdomo, anamwinamia. Kwenye boksi lako hakuna anayemwinamia. Nilipoteza mzao mzima wa mashine kwa njaa huku chakula kimejaa sahani. Sasa nafanya hivi: naweka kifaranga kimoja cha kuku, cha siku mbili, chenye afya na kutoka kwenye mashine vilevile, kiwe mwalimu. Wakimwona anadonoa wanaigiza. Asipokuwepo, nakaa mwenyewe na kibanio changu cha kushonea, naokota kiini cha yai la kuchemsha kipande kwa kipande, nawainamia. Siku mbili tu zinatosha.

Joto la boksi wiki ya kwanza liwe nyuzi 35, kisha upunguze kama tatu kila wiki mpaka wafikie joto la nje. Usiamini kipimajoto peke yake. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakitawanyika kwenye kuta huku wamefungua midomo wanaungua. Chakula kiwe na protini nyingi, asilimia 26 mpaka 28 kwa wiki sita za mwanzo. Huku Muheza chakula cha vifaranga vya bata mzinga sikipati, nachukua cha kuanzia cha kuku wa nyama, naongeza dagaa wa kusaga na yai. Na funika boksi kwa wavu siku ile ile ya kwanza. Manyoya ya mabawa huanza mapema sana, na ndani ya wiki moja wanaruka juu ya ukingo; niliwahi kuwaokota kwenye beseni la maji.

Maradhi

Hili nalisema kwa uchungu. Usichanganye tausi na kuku kwenye ardhi moja.

Kuku ana minyoo midogo ya utumbo ambayo kwake ni jambo la kawaida. Ndani ya mayai ya minyoo hiyo huishi kidudu ambacho kuku wengi hukivumilia bila kuonyesha dalili, lakini kikimwingia tausi, hasa mdogo, hula ini lake. Mayai yale hukaa ardhini muda mrefu, na nyungunyungu huyahifadhi, tausi akimla nyungunyungu amekwisha. Dalili ni kusinzia, mabawa kushuka, na kinyesi cha njano kama binzari. Ukiiona njano ile usingoje kesho. Mtenge ndege, mwite daktari wa mifugo, mwambie kwa maneno yako kwamba unashuku ugonjwa wa ini wa bata mzinga. Mwaka wangu wa tatu walikufa tausi wadogo saba ndani ya siku tisa, wote wakiwa wamelishwa pale nilipokuwa nikiwalisha kuku. Nilihamisha banda zima upande wa pili wa shamba, na ardhi ile ya zamani nimeipanda mihogo.

Dawa ya minyoo nawapa wote kila baada ya miezi mitatu, na tausi mgeni siku ya kumpokea. Kideri huwaua kama kinavyoua kuku. Natumia chanjo yake inayoitwa I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kuhara damu huja kwa vifaranga wakati wa masika tandiko likiloa, kwa hiyo kazi kubwa ni tandiko kavu. Ndui huja na mbu. Na mgeni yeyote, hata akiwa mzuri kiasi gani, hukaa peke yake siku 30 kabla hajawaona wenzake.

Mkia unapodondoka

Kila mwaka msimu ukiisha, dume hupukutisha manyoya yote marefu ndani ya wiki chache. Mgeni wa kufuga hupiga simu analia kwamba ndege anaumwa. Haumwi. Mzidishie chakula chenye protini, umwache atulie, na baada ya miezi kadhaa yataota mapya. Wakati huo ndipo utauona mkia wake wa kweli, mfupi, mgumu, wa manyoya 20 ya kahawia, ambao kazi yake ni kuyategemeza yale marefu yanayoota mgongoni juu yake. Kile tulichokiita mkia siku zote kumbe hakikuwa mkia.

Manyoya yaokote asubuhi kabla ya umande kuyalowesha, yafungie kwa mashada, uyaweke na karafuu kuzuia wadudu. Dume mmoja humwaga kama 150 au zaidi. Usimng'oe ndege aliye hai hata unyoya mmoja. Usiyapige pasi wala kuyatia dawa ya kuchubua: buluu na kijani ile si rangi iliyopakwa kama ya kitenge. Ukiusaga unyoya kwenye kinu unabaki unga wa kahawia. Mpangilio wa chembe ndogo mno ndani yake ndio unaoirudisha nuru ikiwa na rangi, na ukiuharibu mpangilio, rangi haipo tena.

Wageni wakija miezi hiyo huniuliza, "Tausi wako wapi?" Wamesimama mbele ya ndege kumi na wawili. Huwasimulia habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege wa Marekani, James Chapin, akiwa Avakubi upande wa Ituri, aliuona unyoya wa kahawia nyekundu kwenye kofia ya mwenyeji, na hakumjua ndege wake. Akauhifadhi. Mwaka 1936, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa, wameandikwa kwamba ni vijana wa tausi wa India. Unyoya ulikuwa wao. Ndiye yule wanasayansi wanayemwita Afropavo congensis, anayeishi misitu ya Kongo peke yake duniani. Dume wake ana mkia mfupi. Watu wa msituni walikuwa wakimjua siku zote, na wataalamu walipita mbele yake kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi niwe na madume wawili na kiota kitupu. Huyo hafugwi nyumbani, analindwa, na msitu wake unapungua. Ukikutana na anayemuuza, usinunue.

Ukimtunza vizuri tausi huishi miaka 15, hata 20, kwa hiyo waonyeshe watoto wako kazi mapema. Binti yangu ndiye anayeshika daftari: tarehe ya yai, namba ya jike, siku ya chanjo. Kwa daftari lake, leo ni siku ya 22 tangu dheli mwenye pete nyekundu alale kwenye mzao wake wa pili chini ya mchungwa wa tatu, nje kabisa ya banda, mahali alipopachagua mwenyewe. Nimemzungushia wavu kimya kimya akiwa ametoka kunywa maji, na jioni naweka mtu wa kumlinda na nguchiro.